Sangara anapimwa, dumu halipimwi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imeshatia nanga, mambo manne yanafanyika mwaloni, ufukwe wa kushushia samaki wa Ziwa Victoria hapa Mwanza, ndani ya hatua ishirini. Kijana anasuuza ndoo za dagaa, mapovu ya shombo yanasambaa. Mama anafua, mtoto mgongoni. Dereva wa bodaboda ameingiza pikipiki majini mpaka nusu ya magurudumu na anaisugua kwa sabuni ya unga. Na binti wa miaka kama tisa anasogeza gugumaji kwa kiganja, analaza dumu la njano la lita ishirini na kusubiri ligugumie mpaka lijae.

Hilo dumu ndilo la kunywa. Nilimuuliza mama anayefua kama sikuona vibaya.

"Ya kunywa, ya kupikia, ya kila kitu, kaka yangu. Ziwa lote hili, linachafukaje?"

Sikumjibu pale pale, kwa sababu yuko sahihi nusu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Bakteria wanaotoka tumboni mwa binadamu hawajazoea maisha ya humo. Wamelelewa kwenye joto na chakula tele, wakitupwa ziwani wanakuta baridi, njaa, vijidudu wengine wanaowala na jua kali la Kanda ya Ziwa linalowaua. Mbali na nchi kavu, penye kina, ziwa kweli linajisafisha kwa kiasi kikubwa. Shida ni kwamba hakuna anayechota huko. Tunachota pale pale tunapooga, tunapofua, mitaro inapomwagia na ng'ombe wanapoingia kunywa. Yule mama akilitazama ziwa anaona maji yanayofika hadi Uganda na Kenya, lakini anayoyanywa ni ya ukanda mwembamba wa pembeni, na ukanda huo una tabia yake.

Mwezi uliopita rafiki yangu ambaye ni fundi wa maabara alinipa vichupa vitano vya kipimo ambacho mtu anaweza kukifanya nyumbani. Ndani mna kikaratasi kilicholoweshwa dawa. Unajaza maji, unafunga, unaweka kabatini. Kama wamo bakteria wa jamii ile inayokaa tumboni na kutoa gesi yenye harufu ya yai viza, maji yanageuka meusi ndani ya siku moja hadi tatu. Ni kipimo cha kienyeji. Hakitaji jina la bakteria, hakihesabu, na mara nyingine kinababaishwa na bakteria wa kwenye tope ambao hawana kosa lolote. Lakini mtu yeyote anaweza kukisoma, hata asiyejua kusoma.

Kichupa cha kwanza nilijaza maji ya mwaloni. Cha pili nilimpa mvuvi anijazie huko wanakotega. Cha tatu kilikuwa cha kisima kilichopo bondeni chini ya mtaa wetu, cha nne cha bomba, na cha tano, kwa utani tu, kilijazwa kutoka kwenye ndoo ya maji ya kunywa iliyo jikoni kwangu.

Kesho yake asubuhi kichupa cha kisima kilikuwa cheusi kama wino. Cha mwaloni kilifuata jioni. Cha bomba hakikubadilika, na cha kule kwenye kina hakikubadilika pia, ingawa chupa moja si ushahidi wa kumpeleka mtu mahakamani. Siku ya tatu nikafungua kabati na kukuta cha jikoni kwangu nacho kimegeuka.

Yalikuwa maji yale yale ya bomba, tena yaliyochemshwa. Mimi na mke wangu tukakaa kumtafuta mchawi. Haikuchukua muda. Ndoo yetu ina mdomo mpana, juu ya mfuniko kuna kikombe cha plastiki, na kila mwenye kiu anafunua, anazamisha kikombe mpaka vidole vinaingia majini, anakunywa, anakirudisha. Tuna mjukuu wa miaka mitatu. Mikono yake naijua.

Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasiwe na bakteria hata mmoja wa aina ya E. coli katika kila mililita 100, yaani kiasi cha nusu kikombe cha chai. Wengi wa E. coli ni wapole na hawamdhuru mtu. Kinachowafanya watafutwe ni makazi yao: wanaishi kwenye utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto. Wakikutwa kwenye maji, maana yake kinyesi kimepita hapo, na palipopita kinyesi wanaweza kupita wenzao wabaya: Salmonela wa homa ya matumbo, Shigela wa kuhara damu, vibrio wa kipindupindu. Msukuma akiona nyayo za fisi zizini hangoji kumwona fisi mwenyewe, anaanza kuhesabu mbuzi.

Turudi kwenye kile kisima, maana ndicho kilichonishtua kuliko ziwa. Maji yake ni maangavu, ya baridi, matamu. Wapo wanaoyanunua na kuyapandisha mlimani huku wakipita bomba njiani, kwa sababu ya bomba yana harufu ya dawa. Ukiyatia kwenye glasi huoni kitu.

Mwanza ni jiji la mawe. Nyumba za Igogo, Mabatini na Isamilo zimekaa juu ya miamba na katikati yake. Sehemu nyingi huwezi kuchimba choo cha shimo hata ukiwa na sururu ya chuma cha reli, unagota mwamba kabla ya kufika kiunoni. Watu wanajenga shimo kwenda juu, kwa matofali, nalo linajaa haraka. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda vichochoro vile. Basi usiku wa mvua kubwa, ukuta wa chini wa shimo unatobolewa na mvua inamalizia kazi. Kila aliyekulia milimani anajua maana ya kutapisha choo, na kila aliyekulia bondeni anaijua harufu yake. Kinachotapishwa kinaingia mitaroni, mitaro inaingia Mto Mirongo, Mirongo unakatiza mjini na kumwaga ziwani.

Hicho ndicho kinachopita juu, tunakiona na kukilalamikia. Kingine kinapita chini. Tumefundishwa kwamba kisima kikiwa mita 30 kutoka chooni ni salama, na penye udongo mzuri kanuni hiyo ina mantiki: udongo na mchanga ni chujio, bakteria wananaswa humo na kufa kabla ya kufika. Ila mwamba wenye nyufa hauna udongo wa kuchuja. Maji yanaingia ufa wa juu na kutokea ufa wa chini kama yaliyopita kwenye bomba. Na kwa kuwa hayakupita kwenye tope, yanatoka maangavu. Ndiyo maana nakiogopa kisima cha Mwanza kuliko ziwa lenyewe. Ziwa likichafuka sana, mara nyingi linageuka rangi na kutoa harufu. Kisima hakisemi.

Nitakuwa sijatenda haki nisipotaja kwamba kwenye baadhi ya milima hiyo imeshapitishwa mifumo midogo ya majitaka, mabomba membamba yanayopita vichochoroni na kukusanya uchafu wa nyumba hadi bomba kubwa. Nyumba iliyounganishwa haina sababu ya kungojea mvua. Kwa maoni yangu hakuna mradi wa maji safi uliowahi kuyasafisha maji ya bondeni kama mabomba yale ya majitaka, ingawa siku ya kuyazindua hakuna anayepata picha nzuri ya kunywa glasi mbele ya kamera.

Sasa nieleze kwa nini nimemtaja sangara.

Mwishoni mwa 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka nchi zetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya mlaji wa Ulaya kupata kipindupindu kwa samaki wa aina hiyo ni ndogo sana. Hata hivyo mlango ulifungwa kwa miezi. Mwaka 1999 ukafungwa tena, safari hii kwa hofu ya viuatilifu, baada ya habari za wavuvi waliokuwa wakitia sumu majini ili kuvua. Wakazi wa Mwanza wa umri wangu wanaukumbuka wakati ule: viwanda vilisimama, vibarua wa minofu walirudi nyumbani, madalali wa sangara waliuza redio zao.

Tulichofanya baada ya hapo kinaonyesha tunachoweza tukitaka. Mialo iliyochaguliwa ikamwagwa sakafu, ikapata maji safi, vyoo, meza za kushushia samaki na uzio wa kuzuia mbuzi. Wakaguzi wakawekwa. Nyegezi, hapa hapa Mwanza, ikawa na maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Leo mnofu wa sangara hauondoki bila karatasi inayoeleza ulikopita, na sampuli zake hupimwa Salmonela na wenzake. Minofu inakwenda, sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Sina kinyongo na hilo, nimesomeshwa na mapanki.

Ninachohoji ni dumu. Sangara anapimwa kwa sababu upande wa pili yuko mnunuzi mwenye uwezo wa kusema sinunui. Binti wa mwaloni hana mnunuzi. Hakuna ndege itakayogoma kulipakia dumu lake. Kwa hiyo katika ziwa moja, mkoa mmoja, tuna samaki ambaye historia yake yote imeandikwa na maji ya mtoto ambayo hakuna aliyeyaandikia hata mstari.

Na si kwamba wapimaji hawapo. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapa Mwanza. Mamlaka ya maji hupima ya bomba. Vyuo na taasisi za utafiti zipo, zinachota sampuli na kuchapisha. Kinachokosekana ni majibu kumfikia anayechota. Nimezunguka mialo mingi kwa kazi yangu, nimeona mabango ya kukataza uvuvi haramu, ya vyama, ya mitandao ya simu, ya dawa za nguvu za kiume. Bango lenye majibu ya vipimo vya maji sijaliona hata moja.

Sababu mojawapo ni namba tulizochagua kuzihesabu. Sera ya Maji ya 2002 ilimpimia mwananchi wa kijijini lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Mjini tunasomewa mtambo wa Capri Point wa lita milioni 90 kwa siku na ule wa Butimba wa lita milioni 48. Ni namba nzuri, na aliyewahi kuamka saa tisa usiku kupanga foleni ya ndoo hawezi kuzibeza. Ila zote ni za wingi na umbali. Namba ya nusu kikombe, ile inayotakiwa kuwa sifuri, haimo kwenye hotuba. Ndiyo maana diwani anajua mita zake kwa kichwa na hajui hata hilo jina E. coli linaandikwaje.

Pasipo namba, tunajaza pengo kwa kubahatisha, na hapa hata sisi tuliosoma hatuponi. Mtu wa Mwanza akijisikia homa na mwili kuchoka anaambiwa ana taifodi. Mara nyingi kipimo kilichotumika ni Widal, cha mwaka 1896, ambacho hakitafuti bakteria. Kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana naye, na askari hao wanaweza kuwa wa vita ya miaka iliyopita au hata ya adui mwingine anayefanana naye. Jibu la uhakika linatokana na kuotesha damu maabara, kazi ya siku kadhaa ambayo zahanati nyingi haziwezi. Hivyo mgonjwa anapewa sipro, dawa ya antibiotiki. Akipona malaria yake kwa dawa nyingine aliyopewa pamoja, sipro ndiyo inasifiwa. Mwezi ujao anainunua mwenyewe, vidonge vitatu.

Dawa hizo haziishii tumboni. Bakteria waliozizoea wanatoka chooni, na choo tumeshaona kinakotapikia. Mwaka 2016 watafiti wa Mwanza walichapisha kazi waliyoifanya kwenye mwambao huu huu: katika mazingira na ndani ya matumbo ya samaki walikuta bakteria wenye uwezo wa kuvunja antibiotiki kubwa, kundi zima zikiwemo zile sindano tunazochomwa hospitalini hali ikiwa mbaya. Yaani usugu tunaouzungumza kama jambo la wodini umeshaonekana kwenye maji ya pembeni na tumboni mwa kitoweo.

"Chemsheni maji." Ndio ushauri unaotolewa kila msimu, na ni wa kweli, ila unatolewa kivivu. Huambiwi uchemshe kiasi gani. Nawajua akina mama wanaoacha sufuria itokote nusu saa, mkaa unateketea, kisha wanakata tamaa na kuacha kabisa kwa sababu mkaa ni fedha. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja inatosha. Kwa mwinuko wa Mwanza, mita zipatazo 1,134, yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi, na hizo ni nyingi kupita kiasi kwa bakteria wote niliowataja. Mkaa unaookolewa hapo ndio wa kupikia ugali.

Halafu ipo hali ambayo kuchemsha hakusaidii, na hii sijawahi kuisikia ikitangazwa kwenye gari la matangazo. Siku za utulivu, upepo ukilala, ghuba zetu huota rangi ya kijani, kama mtu amemwaga mchicha uliosagwa. Wengi tunaita mwani. Sehemu kubwa ya kijani kile ni bakteria, jamii inayojitengenezea chakula kwa jua kama mimea, wakistawi kwa mbolea na majitaka tunayowapelekea. Baadhi yao wanabeba sumu inayoumiza ini. Ukiwachemsha wanapasuka na sumu inabaki kwenye sufuria, nzima, kwa kuwa moto hauivunji. Maji ya kijani dawa yake ni kuyakwepa: nenda mahali pengine au ngoja upepo uyasukume. Kichocho nacho hakijali jiko lako, maana yule ni mdudu wa minyoo anayeingia kwa ngozi ukiwa unaoga.

Kuhusu kipindupindu kuna jambo moja la kutia moyo. Vibrio wake hupenda kujishikiza kwenye magamba ya wadudu wadogo wa majini, wadogo lakini wanaoweza kunaswa na kitambaa. Huko Bangladesh watafiti waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48 kwenye vijiji vile. Nguo kuukuu ilifaa kuliko mpya, kwani kufuliwa mara nyingi hufanya matundu ya nyuzi yabane. Nani asiye na kanga kuukuu nyumbani? Haiondoi bakteria wanaoelea peke yao, na dawa ya klorini itabaki kuwa ya lazima. Lakini kwenye kambi za wavuvi visiwani, ambako zahanati ni safari ya mtumbwi na mgonjwa wa kipindupindu hana muda huo, kupunguza nusu si jambo la kubeza.

Badala yake, desturi yetu ni kukurupuka. Wagonjwa wakionekana, kama ilivyotokea Kanda ya Ziwa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mama ntilie wanafukuzwa, matikiti yaliyokatwa yanamwagwa, vilabu vya pombe vinafungwa, klorini inagawiwa. Mlipuko ukizimika, mgao unakoma, mama ntilie anarudi na jiko lake, na binti anarudi pale pale penye pikipiki. Hakuna aliyepima maji kati ya mlipuko na mlipuko akabandika majibu.

Ninachopendekeza ni kidogo mpaka naona haya kukiita sera. Kila mwalo wenye BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa mwalo, upimwe maji mara moja kwa mwezi, mbele ya watu, sehemu mbili: pale wanapochota na hatua hamsini kutoka hapo. Majibu yanapatikana ndani ya siku moja hadi tatu. Yaandikwe kwa chaki kwenye ubao ule ule wanaoandikia bei ya dagaa. Visima vya kuuzia maji vivyo hivyo.

Nilipomweleza ofisa mmoja akaniambia nitawatia watu hofu wakati hawana mbadala. Hoja hiyo naiheshimu, ila naona inawadharau watu. Watu wakijua, wanahama. Wanaweza kukubaliana pikipiki zioshwe upande wa chini wa upepo. Wanaweza kutenga jiwe moja la kuchotea na kumtoza faini atakayefulia hapo; mialo inajua kutoza faini, inatoza kila siku kwa makosa ya nyavu. Wanaweza kuchanga kununua klorini. Asiyejua ndiye asiye na mbadala kabisa.

Kwangu tumenunua ndoo yenye koki na kikombe kimehamia kwenye msumari. Kichupa cheusi cha kisima nilimpelekea mama anayekiuza, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Alikishika juani, akakinusa kwenye mfuniko, akakunja uso. Akakiweka dirishani pa genge lake, kati ya vitunguu na vocha. Nimepita hapo jana. Wateja wake wawili wamehamia bombani, wengine bado wanachota, na kuna mzee aliyekuwa akiuliza ile chupa nyeusi ni dawa ya nini na inauzwa shilingi ngapi.